Andika Kwamba Nilirudi

Usiku ule sikulala, niligombana na godoro. Ulikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, na marehemu bibi yangu alikuwa akisema kwamba usiku huo waliotangulia hupewa ruhusa ya kuja kutazama makwao, wasikilize kama bado wanatajwa. Mimi si mtu wa mambo hayo. Kazi yangu ni kuuliza maswali na kuandika majibu, na nisichokiona hakiingii kwenye fomu. Basi naeleza nilichokiona, na anayetaka kucheka acheke nikishamaliza.

Juu ya meza kulikuwa na fomu moja. Nilikuwa nimeitoa ofisini ndani ya mkoba, jambo lisiloruhusiwa, kwa sababu mchana ule sikuweza kuisaini wala sikuweza kuiacha. Ilikuwa fomu ya kufunga jalada la Bakari, fundi baiskeli ambaye sote tulimwita Beka, aliyefariki miezi mitatu nyuma. Penye swali la kwa nini mshiriki ametoka kwenye utafiti, kisanduku cha tatu kilikuwa kimetiwa alama ya vema: Ameacha matibabu kwa hiari yake. Alama ile niliiweka mimi kwa mkono wangu, tena kwa wino mzuri.

Utafiti wetu ulihusu watu wanaotibiwa uraibu wa unga na wa pombe, katika kituo kimoja cha dawa kilichoko nyuma ya maghala ya zamani ya katani. Tulitaka kujua nani hubaki kwenye matibabu, nani huondoka, na kinachomwondoa ni nini. Asubuhi yake, saa tatu, wageni wangekuja kusomewa ripoti. Mkuu wetu, Dokta Lukindo, alikuwa amekwisha iandika, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na sentensi niliyoisoma mpaka macho yakachoka: Hakuna mshiriki aliyerudi kituoni akakosa huduma. Chini yake ikafuata nyingine: Kwa hiyo daktari wa mwisho wa wiki hahitajiki. Kilichobaki ni sahihi yangu, kuthibitisha kwamba fomu zote ni za kweli.

"Tatu, saini tukapumzike," Dokta aliniambia jioni ile akifunga kompyuta yake.

Dokta si mtu mbaya. Ni mtu wa funika kombe mwanaharamu apite, na katika nchi hii watu wa namna hiyo hupanda vyeo haraka kwa sababu hawamwamshi mtu usingizini. Nilimwambia nitasaini kesho. Akanitazama, akasema kesho ni mbali, akacheka, nami nikacheka, kisha nikatoka na fomu mkobani.

Huyo Beka hakuwa mshiriki tu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa ametumia unga miaka mingi, akaingia kwenye dawa, akatulia, na kituo kikamfanya mwelimishaji rika, yaani yule anayekwenda kuwatafuta wenzake vijiweni na kuwaleta. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye maskani yao nyuma ya maghala, na mimi, na diploma yangu mpya, nikamuuliza mtu mmoja, "Umekuwa teja tangu lini?" Mtu yule akanyanyuka akaondoka. Beka akanivuta pembeni, akaniambia polepole, "Dada Tatu, mtu ana jina. Ukimwita ugonjwa, utajibiwa na ugonjwa." Tangu siku ile sijalitamka tena neno lile, na anayelitamka mbele yangu hunisikia.

Kabla sijasinzia niliitazama ile fomu mara ya mwisho. Nakumbuka nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Kaka Beka, nisamehe, nakusaini kesho." Kisha nikazima taa, nikageuka ukutani.

Sijui nilisinzia saa ngapi. Ninachojua ni kwamba taa niliyoizima iliwaka tena, lakini haikuwa taa, ilikuwa jua la saa moja asubuhi, na nilikuwa nimesimama kituoni. Nilikuwa upande wa ndani wa dirisha la dawa, mahali ambapo sijawahi kusimama maishani, maana mimi si muuguzi. Mbele yangu kulikuwa na vikombe vidogo vya plastiki, na nje foleni iliyonyooka mpaka getini na kupita geti. Hakuna aliyekohoa. Nilisikia tu minyororo ya baiskeli ikizunguka mahali fulani, taratibu, kama fundi anapolijaribu gurudumu.

Pale dirishani kuna desturi. Muuguzi anakupa kikombe, unakunywa akikuona, unashushia na maji, halafu lazima useme kitu. Jina lako, salamu, lolote. Mdomo ukishasema, umemeza. Wapo waliokuwa wakiificha dawa shavuni wakaiuze nje, ndipo desturi hiyo ikaanza. Wengi husema "asante" na kwenda zao. Beka alikuwa na neno lake. Kila asubuhi, miaka miwili, alimeza, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono, akasema, "Leo tena nimekataa." Mpaka wauguzi wakawa wanamtania, wakimwona tu wanasema, mkataaji amefika.

Basi namimina, watu wanakunywa. Mmoja anasema asante. Mmoja anasema Zaina. Mmoja anasema mvua haijanyesha. Nyuso zao nazijua na sizijui, na mikono yangu haitetemeki, kana kwamba kazi ile nimezaliwa nayo.

Halafu naona baiskeli ikisukumwa kwenye foleni, haina mnyororo, na anayeisukuma ni Beka.

Hakuwa na sanda. Alikuwa amevaa lile shati lake la bluu lililofifia mabega, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi, kama siku zote. Kiatu kimoja cha kushoto kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Nikasema moyoni, huyu amekufa, na moyo ukanijibu, najua, mpe dawa yake. Sikuogopa. Niliona aibu, kwa kweli, ile aibu ya kukutana sokoni na mtu uliyemsengenya.

Nikampa kikombe. Akanywa. Nikampa maji. Akanywa.

"Sema," nikamwambia.

Hakusema. Alinitazama tu, mashavu yamejaa kidogo. Foleni ikasimama. Ile minyororo ya baiskeli nayo ikasimama.

"Kaka Beka, sema. Unajua utaratibu."

Alitikisa kichwa, akaegemeza baiskeli yake ukutani, akazunguka akaingia kwa mlango wa ndani ambao haruhusiwi mtu kuingia, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, si sana, baridi ya mtu aliyetoka kunawa. Nikatoka naye. Nyuma yangu vikombe viliendelea kujimimina vyenyewe.

Tukawa kwenye maskani nyuma ya maghala. Hapo sijui tulifikaje, maana hatukutembea. Tumeketi juu ya magunia, fomu yangu ya maswali iko mapajani, na kalamu inanivuja. Najisikia nikiuliza swali ninalolijua kwa moyo: "Katika siku thelathini zilizopita, umetumia unga siku ngapi?" Na hapo ninakumbuka, ndani ya ndoto ile ile, kwamba swali hilo niliwahi kumuuliza kweli, alipokuwa hai, na alinijibu kwa kicheko.

"Siku hizo ziko chache siku hizi," alinijibu wakati ule. "Lakini fomu yenu ina kasoro, Dada Tatu. Inauliza nilizotumia. Haiulizi nilizokataa. Unajua kukataa ni kazi ya kutwa? Mwenzako kazini analipwa, mimi nakataa bure."

Niliripoti maneno yale kwenye kikao, na Dokta Lukindo akasema ni mazuri sana, lakini hayana kisanduku.

Sasa narudi ndotoni. Namuuliza tena lile swali, na yeye, mashavu yake bado yamejaa, ananinyang'anya kalamu, anaitazama, ananirudishia. Anaelekeza kidole chini. Nikatazama chini, gunia nililokalia halikuwa gunia. Ni kiti cha ukumbini, kile cha kitambaa chekundu, na mbele yangu ni meza ndefu yenye sambusa na chupa za maji.

Wageni wameketi. Suti zao naziona, nyuso sizioni. Dokta Lukindo amesimama mbele, na ukutani kwenye kitambaa cheupe imewekwa fomu ya Beka, kubwa kuliko mlango, na ile alama yangu ya vema ina urefu wa mtu. Dokta anasoma kwa sauti yake nzuri ya mikutanoni: "Hakuna mshiriki aliyerudi akakosa huduma." Wageni wanapiga makofi, na makofi yale hayana sauti. Beka ameketi kiti cha mbele kabisa katikati yao, vidole vyeusi juu ya kitambaa cheupe cha meza, na hakuna anayemwona isipokuwa mimi.

"Tatu, njoo usaini," Dokta anasema.

Ninakwenda. Mkononi nina ile chupa ndogo ya wino mweupe wa kufutia, ambayo katika kazi yetu ni haramu. Siku ya kwanza ya mafunzo walitufundisha: ukikosea kwenye fomu ya utafiti, usifute, usichane, usipake cheupe. Piga mstari mmoja tu juu ya kosa, liendelee kusomeka, andika lililo sahihi pembeni, weka sahihi na tarehe. Kosa lionekane, na aliyelisahihisha aonekane. Mimi mwenyewe nimewafundisha wenzangu hivyo, tena kwa ukali. Na bado nimesimama mbele ya watu, napaka cheupe. Napaka, karatasi inakunywa. Napaka tena, inakunywa tena. Ile vema inabaki pale pale, nyeusi, na chupa haiishi. Nikageuka kumtazama Beka. Hakukasirika. Alikuwa ananitazama kama anavyomtazama mtoto anayefunga mnyororo kinyume, akisubiri atambue mwenyewe.

Hapo hasira ikanipanda. Nasema ukweli, nilimkasirikia marehemu. Nikamwambia mbele ya wageni wote, "Unataka nini kwangu? Uliacha. Siku tano hukuonekana. Kanuni inasema ukikosa siku hizo umeacha. Kanuni sikuitunga mimi."

Beka akanyanyuka. Akapita kati ya viti, akafungua mlango wa ukumbi, na nje ya mlango ule palikuwa na geti la kituo.

Geti hilo lina mlinzi, Mzee Ngoda, mstaafu wa jeshi, mtu wa daftari. Kila anayefika huandikwa humo, jina, saa, shida yake, hata akiwa fundi wa bomba. Wengi humcheka. Daftari lake lilikuwa wazi juu ya kistuli, na Mzee Ngoda alikuwa amesimama kando yake wima, kofia mkononi, kama mtu aliye msibani.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Soma."

Nikainama. Mwandiko wake wa herufi kubwa: IJUMAA. BAKARI. SAA SABA NA ROBO. ANATAKA DAWA. KATOKA MAZISHINI. Chini yake: JUMAMOSI. BAKARI. SAA MOJA. ANATAKA DAWA. KAAMBIWA DAKTARI JUMATATU. KAKAA BENCHI HADI SAA TISA.

Dada yake Beka alikuwa amefia kijijini, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu. Alikwenda kuzika, akakaa matanga, akaikosa dawa yake siku tano. Kanuni ya kituo inasema mtu aliyekosa siku hizo asipewe kipimo chake cha zamani, maana mwili umekwisha punguza uvumilivu na kipimo kile kinaweza kumuua. Daktari amwone kwanza, aanze upya na kidogo. Kanuni haikuwa mbaya. Lakini haisemi daktari amwone Jumatatu. Namba ya daktari wa zamu ilikuwa imebandikwa ukutani, hatua tatu kutoka benchi lile.

Nikainua macho kutoka kwenye daftari, nikaliona benchi, na Beka amelikalia. Anatetemeka. Arosto imemshika, ule uchungu wa mwili unaodai, pua inamtiririka na amejikumbatia tumbo. Ni Ijumaa mchana. Mlango wa ofisi unafunguliwa, na anatoka mwanamke mwenye mkoba wa kahawia na simu mkononi, anatembea haraka kwa sababu anawahi kusukwa nywele, binamu yake anaolewa kesho.

Mwanamke yule ni mimi.

Nilitaka nifumbe macho, lakini ndotoni macho hayana vifuniko. Nikamwona akipunguza mwendo. Nikamsikia akisema, kwa sauti ile ninayoijua, ya upole wa kujipendekeza, "Pole na msiba, Kaka Beka. Leo daktari wa kituo hayupo. Rudi Jumatatu."

Na Beka akasema, "Dada Tatu, leo ni Ijumaa."

Na mimi nikacheka. Nikasema, "Kwani Jumatatu ni mbali?" Nikapita geti.

Hilo halikuwa la kwenye ndoto. Hilo lilitokea. Miezi mitatu nililikalia juu, nikalitia chini ya majalada, nikajiambia sikumwona vizuri, nikajiambia sikuwa muuguzi, nikajiambia kila mtu angesema vile. Jumapili alasiri walimkuta kwenye kibanda chake cha baiskeli. Alikuwa ametafuta kete moja kuituliza arosto, na mwili uliokwisha sahau unga haukuihimili. Jumatatu niliyomwahidi ilipofika, yeye alikuwa amekwisha zikwa, na mimi, nywele zangu mpya kichwani, nikatia vema kwenye kisanduku cha tatu. Ameacha kwa hiari yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyofundishwa utotoni. Mimi nilificha maradhi yangu ndani ya kifo cha mtu mwingine.

Nikapiga magoti pale getini, mbele ya benchi. Mzee Ngoda hayupo tena. Geti halipo. Kuna dirisha la dawa, lakini sasa mimi niko nje, kwenye foleni, na Beka yuko upande wa ndani, mashavu yamejaa bado. Nyuma yangu foleni imerefuka, na sasa ninawafahamu wote. Wengine walikufa kwa pombe, wengine kwa unga. Baba mdogo wangu yumo, yule aliyekunywa gongo mpaka ini likamsaliti, ameshika kofia yake. Wanasubiri zamu.

Beka akameza. Niliona koo lake likishuka na kupanda. Akafuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Nilirudi," akasema. "Andika kwamba nilirudi."

Sauti yake haikuwa ya kaburini. Ilikuwa sauti yake ya kila asubuhi, yenye mikwaruzo kidogo.

Nikamwambia, "Watanifukuza kazi, Kaka Beka. Nikiandika hilo, nitaandika na jina langu."

Hakunibembeleza. Marehemu wa watu wengine huja na maneno ya kutuliza. Wa kwangu alinisukumia kikombe dirishani, kidogo, cha plastiki, na ndani yake palikuwa na wino.

"Mimi nilikataa kila asubuhi, miaka miwili," akasema. "Wewe kataa asubuhi moja."

Nikakichukua kikombe. Nikanywa. Ulikuwa mchungu kuliko mwarobaini, ukaniganda kooni, hauteremki. Foleni nzima ikanitazama. Baba mdogo akasogea mbele kuona. Na Beka, vidole vyeusi juu ya kizingiti cha dirisha, akainamisha kichwa na kuniambia neno lile lile nililomwambia yeye mwanzo.

"Sema."

Nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ndiyo iliyoniamsha.

Nilikuwa nimekaa kitandani, nguo imenilowa mgongoni. Sijui nilisema nini, lakini jirani yangu, Mama Rehema, aligonga ukuta akauliza kama niko salama, nikamjibu niko salama. Muadhini alikuwa amekwisha maliza. Nje wauza mikate walikuwa wanapita na baiskeli zao, na mnyororo mmoja ulikuwa unalia kwa kukosa grisi. Nilikunywa maji bilauri mbili, ule uchungu haukuondoka.

Sikulia. Watu huniuliza kama nililia, na huwa nawaambia nililia siku nyingine. Asubuhi ile nilikuwa na hasira, hasira safi, ya kwangu mwenyewe, na sikutaka kuipunguza kwa machozi. Nilimkasirikia Dokta na sentensi zake nzuri. Nilikikasirikia kisanduku cha tatu. Zaidi nilimkasirikia yule mwanamke mwenye mkoba wa kahawia, na kwa kuwa yeye nilikuwa naye pale pale, nikamkalisha mezani nikampa kalamu.

Nikapiga mstari mmoja juu ya Ameacha matibabu kwa hiari yake. Mstari mmoja, ulionyooka, kosa likibaki linasomeka. Pembeni nafasi ilikuwa ndogo, nikaandika kwa herufi ndogo: Alirudi Ijumaa. Alirudi Jumamosi. Aliambiwa arudi Jumatatu. Alifariki Jumapili akisubiri. Ushahidi ni daftari la mlinzi. Kalamu ikasita hapo. Nilijua ningeweza kuishia hapo na hakuna ambaye angenidai zaidi, maana daftari la Mzee Ngoda halisemi ni nani aliyemwambia. Mkono ulitaka kuishia hapo. Nikaukatalia. Nikaandika: Ijumaa aliyemwambia ni mimi. Nikaweka sahihi na tarehe.

Ukweli ni kwamba daftari lile sikuwa nimewahi kulifungua. Nilikuja kulifungua baadaye siku hiyo hiyo, Mzee Ngoda akinishikia kurasa, na mistari ilikuwapo yote miwili, ila Jumamosi Beka hakukaa mpaka saa tisa. Alikaa mpaka saa kumi na moja.

Saa kumi na mbili na nusu simu ikalia. Alikuwa Dokta Lukindo.

"Umeamkaje, Tatu? Umeshasaini?"

"Nimeshasaini, Dokta. Nimesahihisha fomu ya Beka. Alirudi. Mara mbili. Nimeandika na aliyemrudisha."

Nikamsikia akifunga mlango, ili wa nyumbani kwake wasisikie.

"Hebu sikiliza," akasema, sauti imeshuka. "Wageni wako njiani. Ripoti imeshachapwa. Hayo ni mambo mazito, yanataka utulivu, na mimi nakuheshimu kwa kuyaleta. Acha leo ipite salama. Mimi na wewe tutakaa tuyazungumze vizuri Jumatatu."

Ule uchungu ulikuwa bado umeniganda kooni tangu nilipoamka. Niliusikia ukishuka.

"Dokta," nikamwambia, "leo ni Ijumaa."

Nikakata simu, nikaweka fomu mkobani, nikatoka kwenda kituoni.